Virusi Kwenye Mashine ya Vifaranga

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuiba udongo. Hivyo ndivyo bibi mmoja wa Mgeta alivyoieleza, kwa sauti ya kusikika mpaka kanisani, na mimi mkononi nilikuwa na kijiko na mfuko wa nailoni uliojaa mbolea yake.

Nilikuwa ndiyo kwanza nimemaliza mafunzo ya ufundi wa maabara, nikapata kazi kwenye chuo kimoja pale Morogoro. Zilikuwa zama za ruksa. Maduka yaliyokuwa na rafu tupu nikiwa mtoto yalijaa sabuni za rangi rangi, mitumba ilimwagwa chini kila gulio, na kila mtumishi wa serikali alikuwa na mradi wake nyuma ya nyumba, ng'ombe au kuku au mashine ya kusaga. Mwalimu niliyewekwa chini yake alikuwa daktari wa mifugo, mrefu, mpole, msahaulifu. Nadhani alikuwa mtu pekee chuoni asiye na mradi. Alikuwa na virusi.

Alinieleza siku ya kwanza kabla hata sijapata kiti. Bakteria wa kifua kikuu, alisema, wana ukoo mkubwa. Wamo wanaoleta ukoma, wamo wanaokohoza ng'ombe, lakini wengi wao ni wapole, wanaishi zao kwenye udongo na hawamdhuru mtu. Hao wapole wana adui, virusi vidogo mno vinavyowavamia bakteria tu na visivyojali kabisa kama binadamu yupo duniani. Mwalimu alitaka kuvikusanya virusi hivyo, kuvifuga juu ya bakteria wapole, na kujua tabia zao. Labda siku moja kimoja kingekuwa na faida dhidi ya yule ndugu mkali.

"Na vinapatikana wapi, mwalimu?" nikauliza.

"Palipooza vizuri," akasema, uso umemng'aa.

Ndiyo maana wiki ya pili tulipanda Mgeta, nyuma ya pikapu ya wachuuzi wa kabichi, tukiwa na vijiko, mifuko na barua yenye mhuri wa mwenyekiti wa kijiji. Tuliona banda la mbuzi kwenye kona ya shamba lililokatwa ngazi mlimani, na nyuma yake shimo la mbolea linalofuka mvuke kwenye ubaridi wa asubuhi. Mwalimu alilitazama lile shimo kama wengine wanavyotazama gari jipya. Nikachuchumaa, nikachota. Ndipo mwenye shimo akatokea na jembe begani.

"Shikamoo bibi," nikasema haraka.

"Marahaba. Unachukua nini humo, binti?"

"Udongo kidogo tu, bibi. Wa utafiti."

"Umemwomba nani?"

Mwalimu akaitoa barua. Bibi hakuipokea, aliutazama mhuri tu kwa mbali.

"Huyo mwenyekiti kaoa hapa," akasema. "Ardhi hii ni ya upande wa mama yangu. Mkwe hatoi ruhusa ya ardhi ya wakwe zake, labda huko kwenu. Juzi walipita vijana na sululu wanatafuta mawe mekundu, siku hizi kila mtu mnunuzi wa madini, wakachimba mpaka karibu na makaburi. Na nyie mnaiba udongo. Mnatafuta nini kwenye mavi ya mbuzi?"

Majirani walishaanza kusogea. Mwalimu alikuwa na kasoro moja kubwa kwa mtu anayetembelea vijiji, hakujua kudanganya. Akachuchumaa pembeni yangu, suruali yake nzuri ikagusa tope.

"Mama, tunatafuta wadudu wanaokula wadudu."

"Wa kabichi?"

"Hapana. Wanaokula ndugu za wadudu wa kifua kikuu."

Bibi akashusha jembe. Alitutazama mmoja mmoja, kisha akasema, kwa sauti ndogo kuliko ile ya kwanza, kwamba marehemu mumewe alikohoa miaka miwili kabla hajaondoka. Halafu akaninyang'anya kijiko.

"Unachota juu juu kama unaonja mchuzi," akasema. "Mbolea inaishi chini, kwenye moto wake." Akazamisha mkono mpaka kiwiko, akatoa donge jeusi linalofuka, akalitia kwenye mfuko wangu. "Haya. Lakini mkimpata huyo mdudu, nitakuja kumwona."

Mwalimu akaahidi. Mimi nilichukulia kuwa ni maneno ya kuagana.

Kazi ya maabara yenyewe ilikuwa rahisi kueleza na ngumu kufanya. Unakoroga udongo kwenye maji, unayapitisha kwenye chujio ambalo matundu yake ni madogo kiasi kwamba bakteria hapiti na kirusi kinapita. Yale maji unayachanganya na bakteria wapole na uji wa agari, unga wa mwani unaoganda kama jeli, unamimina kwenye sahani ya kioo, unaweka kwenye joto la mwili wa mtu. Baada ya siku mbili tatu bakteria wanatanda sahani nzima kama utando juu ya maziwa. Palipotua kirusi panabaki doa.

Tatizo lilikuwa joto. Mwaka ule mgao wa umeme uliingia na miguu yote. Umeme ulikuwa ukikatika asubuhi, ukirudi jioni, au usirudi, na kabati letu la joto lilikuwa la umeme. Bakteria wakawa wanaota kwa kujivuta, sahani moja nene, nyingine nyembamba, madoa hayaeleweki. Mwalimu alitembea na kipimajoto mfukoni kama kalamu. Siku moja nilimkuta amekiingiza kwenye chupa ya chai.

Nilikuwa nimepanga chumba Mafiga, kwa dada mmoja aliyepunguzwa kazi kiwandani. Wenzake walitumia kiinua mgongo kununua televisheni. Yeye alinunua mashine ya kutotolea mayai, sanduku la mbao lenye taa ya mafuta pembeni, akawa anauza vifaranga. Aliipenda ile mashine kuliko wapangaji wote. Jioni moja namwona anasoma kipimajoto chake kwa kurunzi.

"Dada, joto la humo ni kiasi gani?"

"Thelathini na saba na kidogo. Likizidi wanaiva, likipungua wanakufa. Kwa nini?"

Sikulala vizuri kwa furaha. Kesho yake nilimleta mwalimu, amevaa tai, kuja kuomba hifadhi.

"Hizo sahani zinatotoa nini?" dada akauliza, amesimama mlangoni pa chumba cha mashine na mikono kiunoni.

Mwalimu, kama kawaida yake, alimweleza kila kitu. Bakteria, virusi, ukoo mzima. Alieleza kuwa bakteria wetu ni wale wapole, na kwamba sahani zingekaa ndani ya kopo la biskuti lililofungwa. Nilitamani adondoshe nusu ya maelezo, lakini dada alisikiliza mpaka mwisho.

"Daktari," akasema, "nikitoa kifaranga chenye vichwa viwili, unakilea wewe."

"Nitakilea," mwalimu akajibu, na hakuwa anatania.

Basi tukahamia kwa kuku. Kopo la biskuti lilikaa chumba cha chini cha mashine, mayai trei ya juu, na taa ya mafuta haikujua kuna mgao. Sahani zikatoka nzuri ajabu, utando laini kote. Udongo wa bonde la kando ya njia ya Mzinga ulitupa madoa maangavu, kama mtu aliyetoboa kwa sindano. Udongo wa bibi ulitupa madoa ya namna nyingine, makubwa kidogo na yenye ukungu katikati, kama kioo kilichopuliziwa pumzi.

Nilidhani nimekosea. Mwalimu akacheka kwa furaha.

"Hiki cha bibi kina subira," akasema. "Kile cha Mzinga kikiingia ndani ya bakteria kinazaliana, kinampasua, watoto wanatoka kutafuta wengine. Wenyeji wote wanakufa, doa linabaki tupu. Cha bibi nacho kinaweza hivyo, lakini mara nyingine kinajipachika kwenye vinasaba vya bakteria na kulala. Bakteria anaendelea na maisha yake, anagawanyika, na kila mtoto anazaliwa na kirusi kilicholala ndani. Huo ukungu katikati ya doa ndio hao walionusurika."

"Na kingine kikija kikaingia humo humo?"

"Kama ni cha aina yake, hakiwezi kufanya lolote. Kile kilicholala kinatengeneza kizuizi cha kujizuia chenyewe kisiamke, na kizuizi hicho hicho kinamzuia ndugu yake aliyekuja. Lakini kirusi cha ukoo mwingine hakijali kizuizi hicho, kinapasua tu."

Nilimsimulia dada jioni ile tukiokota mawe kwenye mchele.

"Kwa hiyo kinakaa bure, kinakula, na kinafunga mlango ndugu zake wasiingie," akasema. "Shemeji yangu huyo. Alikuja kwa wiki mbili."

Bibi alikuja wiki ya tatu tangu tuhamie kwa kuku. Sikuwa namtarajia. Alishuka na lori la mboga alfajiri, akauza karoti zake, akauliza njia, na saa nne alikuwa mlangoni pa maabara, kitenge safi, rozari shingoni, na njegere kwenye kikapu kwa ajili yetu.

"Shikamoo bibi! Karibu, karibu sana."

"Marahaba, mjukuu wangu. Nimekuja kumwona mdudu."

Mwalimu alikuwa darasani. Nikamkalisha bibi kwenye kiti chake, nikamletea sahani tatu za udongo wa kwake zilizotoka Mafiga asubuhi ile, nikamwelekezea dirishani penye mwanga. Nikamwambia kirusi chenyewe hakionekani hata kwa darubini yetu, anachoona ni mahali kilipopita. Aliishika sahani ya kwanza kwa ncha za vidole, akaizungusha polepole, akaiweka. Ya pili vivyo hivyo. Ya tatu akaizungusha, akarudi nyuma, akakunja jicho moja.

"Hili mbona si la hapa?"

"Lipi, bibi?"

"Hili. Wenzake wote macho yana ukungu. Hili liko wazi."

Niliinama. Katikati ya madoa yale mengi, pembeni kabisa, kulikuwa na moja angavu kama tone la maji. Nilikuwa nimeitazama ile sahani asubuhi, nimeandika "yote yana ukungu", nimetia sahihi. Bibi alikuwa amechagua mbegu za maharage kwa mkono maisha yake yote, na punje moja ngeni haikuwahi kumpita.

Mwalimu aliporudi alimsalimia bibi kwa heshima zote, akaitazama sahani, na uso ukashuka.

"Umechafua," akaniambia.

"Mwalimu?"

"Hiki ni kirusi cha Mzinga kimeingia kwenye sahani ya Mgeta. Au kitu kingine kabisa. Kopo lilifunguliwa?"

Lilikuwa limefunguliwa. Siku tatu nyuma mayai ya dada yalikuwa yametotoka. Nilipofika kuziweka sahani hizo nilikuta vifaranga wamezagaa sanduku zima, wawili wamesimama juu ya kopo langu, na nilipoinua kifuniko manyoya yaliruka kila upande. Nilisema ukweli. Nami nilishaanza kuambukizwa tabia ya mwalimu.

"Manyoya ya kuku," akasema, kana kwamba ameumwa jino. "Tupa hiyo sahani."

Bibi alitazama huku na huku. "Mtoto huyu si mchafu," akasema. "Nimekaa kwenye kiti, alikifuta kwanza." Kisha akaaga, maana lori halimngojei mtu.

Sikuitupa. Sijui hata leo nilipata wapi ujasiri, kwa sababu nilikuwa mtu wa "ndiyo mwalimu" kuanzia asubuhi hadi jioni. Nadhani lilikuwa lile neno. Mama yangu alinilea niamini kwamba mtu anaweza kuwa maskini, mbaya wa sura, hata mvivu kidogo, ila mchafu hapana. Niliificha ile sahani nyuma ya chupa za spiriti na nikaanza kufikiri.

Kama doa lile lilikuwa la mgeni wa Mzinga, au la mgeni yeyote, basi lilikuwa la ukoo mwingine. Na kama lilikuwa la ukoo mwingine, bakteria aliyebeba kirusi cha bibi ndani yake hangeweza kulizuia. Mwalimu mwenyewe alikuwa amenieleza hivyo. Lakini kama ni mtoto wa kirusi cha bibi, aliyezaliwa na kasoro tu, basi akigonga kwa bakteria yule angekuta kizuizi cha ukoo wake.

Nikagusa doa angavu kwa sindano iliyochomwa moto, nikapanda upya. Yakatoka maangavu matupu. Nikarudia mara tatu, kila mara kutoka doa moja, mpaka nikawa na hakika hakuna kilichochanganyika. Kisha nikachota ukungu wa katikati ya doa la kawaida, nikakuza wale walionusurika, wenye kirusi kilicholala. Nikaandaa sahani za bakteria wa kawaida na sahani za hao wabebaji. Juu ya kila moja nikadondosha matone ya kirusi cha Mzinga upande mmoja, na ya kile kiangavu upande wa pili. Nikazifunga kwenye kopo, nikafunga kopo kwa plasta, nikafunga plasta kwa kamba.

"Safari hii hata sala haipiti," dada akasema, akiliweka mwenyewe ndani ya mashine.

Siku mbili hizo nilifanya kila kosa linalowezekana. Nilitia chumvi kwenye chai. Nilimwamkia shikamoo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, naye akaitikia bila aibu. Siku ya tatu nikafungua kopo kwenye kibaraza cha dada, nimegeuzia mgongo banda la kuku.

Kwenye bakteria wa kawaida, matone yote yalikuwa yametoboa. Kwenye wabebaji, cha Mzinga kilikuwa kimetoboa vile vile. Upande wa kile kiangavu palikuwa pamejaa utando mzima, laini, hata alama ya tone huioni.

Nikarudia jaribio lote tangu mwanzo. Likaja vile vile. Ndipo nikamwekea mwalimu sahani mezani, nikasimama kando.

Akazigeuza kusoma maandishi yangu ya kalamu ya wino mzito. Akauliza nimerudia mara ngapi, nikamwambia mara mbili. Akavua miwani.

"Hiki si cha Mzinga."

"Ndiyo, mwalimu."

"Ni kile kile cha bibi. Kimepoteza kinasaba cha kujilaza. Hakijui tena kulala, kinajua kupasua tu. Lakini kizuizi cha ndugu yake bado kinakikamata."

"Ndiyo, mwalimu."

"Na haya ndiyo mabadiliko tuliyokuwa tunayatafuta, kwa sababu chenye kupasua tu ndicho kinachoweza kuwa na faida."

"Ndiyo, mwalimu."

"Nilisema umechafua."

Hapo sikusema ndiyo. Nilitazama ukutani kulikokuwa na kalenda ya dawa za ng'ombe. Mwalimu akainuka, akatoka nje, nikasikia viatu vyake vikienda mpaka mwisho wa korido. Alirudi baada ya robo saa na soda mbili baridi na maandazi kwenye gazeti. Akaniwekea kiti chake. Yeye akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, magoti karibu na masikio, tukala bila kuzungumza, na hiyo ndiyo radhi kubwa kuliko zote nilizowahi kuombwa na mkubwa wangu wa kazi.

Mwezi uliofuata tulipanda Mgeta kumpa bibi habari zake. Nilimweleza mimi, mwalimu akiwa ameketi kimya kwenye kigoda. Nilimwambia jicho lake liliona sawasawa, kwamba lile doa lilikuwa la mtoto wa mdudu wake mwenyewe, ila alizaliwa hana usingizi.

Bibi aliitikia kwa kichwa kama mtu anayeambiwa jua limechomoza.

"Sasa kinatibu kifua?"

"Bado, bibi. Hatujui kama kitatibu. Kinaua ndugu wapole tu kwanza, na huko tulikofika ni mwanzo kabisa."

"Bado ya serikali, au bado ya kweli?"

Nikamtazama mwalimu. "Ya kweli, mama," akasema mwalimu. "Inaweza ikachukua umri wangu wote na wa huyu binti."

Nilidhani atakasirika. Akacheka, akasema afadhali mtu anayesema hajui, maana wale wa mawe mekundu walikuwa wanajua kila kitu. Akatuongoza nje tukaage.

Kibarazani kwake walikuwa wamekaa akina mama, nadhani kumi na wawili, kila mmoja na mkebe mapajani. Mikebe ya kahawa, ya maziwa, ya rangi za nyumba. Yote imejaa udongo. Habari ya mdudu wa bibi ilikuwa imezunguka parokia nzima, na hakuna aliyekubali kuwa shimo lake la mbolea ni duni kuliko la jirani. Mwalimu alifurahi mpaka akasahau kuaga. Tulishuka na mikebe yote, mingine nimeipakata, mingine imebanwa kati ya kabichi.

Mikebe saba ilikuwa na virusi. Mitano haikuwa na kitu. Niliporudi kuwapa majibu, mama mmoja wa ile mitano, mwanakwaya hodari, aliupokea mkebe wake mtupu, akauchungulia ndani, kisha akaniuliza mbele ya wenzake wote udongo wake una kasoro gani. Nilimweleza kwamba ni bahati tu, kwamba kijiko kingeweza kuchota hatua moja pembeni na kupata. Hakuridhika. Alinishika mkono, akanipitisha katikati ya ngazi za njegere mpaka kwenye shimo lake, akanipa jembe, na nikachimba mwenyewe, kuanzia saa tatu mpaka jua la saa saba, yeye amesimama juu yangu akinielekeza wapi penye moto.